Kutengeneza peptidi inayosaka uvimbe: kutoka homoni hadi dawa ya nyuklia

Ukichora peptidi, mnyororo mfupi wa asidi amino, kwenye karatasi, swali la kwanza linalokujia ni kama itakishika kipokezi, yaani protini ya seli unayoilenga. Swali la haki, lakini aghalabu silo linaloiua kazi. Peptidi nyingi hushika vizuri mno kwenye sahani ya seli, kisha zikiingia mwilini damu huzikatakata kabla hazijafika, au ini huzimwaga utumboni, au figo huzihodhi hadi figo zenyewe zinaumia kwa mionzi. Ndiyo maana mwongozo huu unachukua njia ndefu. Nimeuegemeza kwenye mfano mmoja uliokwisha kupita hatua zote: somatostatini, homoni ya mwili, iliyobadilishwa kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka arobaini ikawa DOTATATE. Hiyo hupiga picha na kutibu uvimbe wa nuroendokrini, yaani uvimbe unaotokana na seli zinazotoa homoni kwenye utumbo, kongosho na kwingineko.

Ninamwandikia mwanafunzi wa kemia, famasia au fizikia ya tiba. Kemia ya peptidi yenyewe unaweza kuifanya kwenye maabara ya chuo yenye vifaa. Pale metali yenye mionzi inapoingia, unahitaji kibali, chumba kilichokaguliwa na mtaalamu wa usalama wa mionzi pembeni yako.

Ramani ni hii. Dawa ina sehemu tatu: peptidi inayotafuta, daraja la kuunganishia, na kelatori, ambayo ni kikapu cha kubebea metali. Ukitia galiamu-68 kikapuni unapata picha. Ukitia lutetiamu-177 unapata tiba. Kinachotafuta ni kile kile.

Hatua ya 1: Chagua kipokezi kabla hujaipenda peptidi

Kipokezi kizuri kina sifa nne. Kiwe kingi kwenye uvimbe, kiwe kichache kwenye jirani zake, kikae juu ya ngozi ya seli ambako peptidi inaweza kukifikia, na ikiwezekana kimeze kile kinachokishika na kukiingiza ndani. Vipokezi vya somatostatini viko aina tano. Uvimbe wa nuroendokrini uliokomaa vizuri, yaani ambao seli zake bado zinafanana na za kawaida, hubeba hasa aina ya 2, tutakayoiita SSTR2, na huimeza peptidi pamoja na mzigo wake. Bandama pia ina SSTR2, vivyo hivyo tezi ya pituitari na tezi za adrenali. Ukiona bandama inang'aa kwenye picha, usishtuke, ni kawaida yake.

Usiamini wingi wa kipokezi kwa kusoma tu kwamba seli fulani za maabara zinacho. Ushahidi wenye uzito ni vipande vya uvimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa, vikakatwa vyembamba, vikalowekwa kwenye peptidi yenye mionzi kisha vikapigwa picha juu ya filamu. Jean Claude Reubi wa Bern, Uswisi, alifanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa, na sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu vipokezi hivi kwenye saratani za watu ilitoka kwenye vipande vile.

Kuna vipokezi vingine vya kufikiria. Kipokezi cha bombesini, GRPR, hupatikana kwenye saratani ya tezi dume na ya matiti. Bombesini yenyewe iligunduliwa kwenye ngozi ya chura wa Ulaya, Bombina bombina, na jina lake limetoka huko. Kipokezi cha GLP-1 hujaa kwenye insulinoma, uvimbe wa kongosho unaotoa insulini, na kinachokishika vizuri ni eksendini-4, peptidi ya sumu ya mjusi mkubwa wa jangwa la Marekani. CCK2R hupatikana kwenye saratani ya tezi ya shingo ya aina ya medula. Kama kipokezi chako hakina homoni yoyote inayojulikana, itakubidi utafute kwa maktaba za peptidi zinazobebwa na virusi vya bakteria, na huo ni mwongozo mwingine kabisa.

Kabla hujaondoka hatua hii, jiulize homoni hiyo hufanya nini mwilini. Octreotidi, mjukuu wa somatostatini, hutuliza utoaji wa homoni, na mgonjwa anayeharisha kwa sababu ya uvimbe wake hupata nafuu. Hiyo ni bahati. Anayeamsha kipokezi cha bombesini anaweza kumsababishia mgonjwa kichefuchefu na maumivu ya tumbo. Anayeamsha cha GLP-1 atamshushia sukari mtu ambaye insulinoma yake tayari inamshushia.

Hatua ya 2: Tafuta herufi zinazoshika

Somatostatini ilitambuliwa mwaka 1973 kwenye maabara ya Roger Guillemin, Taasisi ya Salk, California, kutoka kwenye ubongo wa kondoo. Ina asidi amino 14, ambazo ndizo herufi za peptidi, na sisteini mbili zinazofunga pete kwa daraja la salfa. Kwenye damu nusu yake hupotea ndani ya dakika mbili au tatu. Kwa dawa ya mionzi huo ni muda wa kuvuka barabara tu.

Namna ya kujua herufi gani ina kazi ni ya kuchosha lakini ni ya uhakika. Unatengeneza peptidi nzima mara nyingi, kila mara ukiweka alanini mahali pa asidi amino moja, na kupima. Pale nguvu ya kushika inapoanguka vibaya, hapo ndipo penye mkono. Kwa somatostatini mkono ni herufi nne, nafasi ya 7 hadi 10: fenilalanini, triptofani, laisini, threonini. Zimekaa kwenye kona ya pete kama kiwiko kilichokunjwa. Mwaka 2022 yalichapishwa maumbo ya kipokezi kikiwa kimeshikwa, yaliyopigwa kwa hadubini ya elektroni kwenye baridi kali. Yalionyesha laisini, yenye chaji chanya, ikiwa imekutana na asidi ya aspati iliyo nafasi ya 122 ya kipokezi, nayo triptofani imezama kwenye shimo lisilopenda maji pembeni.

Hapa kuna mtego ambao humkamata kila anayeanza. Laisini ina amini, na kelatori yako pia hujiunga kwa amini. Usipoilinda, kelatori itapanda juu ya laisini na utakuwa umekifunga kiganja kile kile kinachoshika. Kazi yote ya kubadilisha ifanyike kwenye ncha na kwenye pete. Wale wanne waache.

Hatua ya 3: Ifupishe, ikaze, izibe ncha

Mwaka 1982 Wilfried Bauer na wenzake wa kampuni ya dawa ya Sandoz, Basel, Uswisi, walichapisha octreotidi. Isome polepole, maana ni somo zima la ubunifu katika mstari mmoja:

D-Phe – Cys – Phe – D-Trp – Lys – Thr – Cys – Thr(ol)

Asidi amino 14 zimekuwa 8. Pete imebana hadi asidi amino sita, na kiwiko hakina tena nafasi ya kuyumba. Triptofani imegeuzwa kuwa umbo la D, taswira yake ya kwenye kioo: umbo hilo hukaza kona, na vimeng'enya vinavyokata protini havilitambui vizuri. Mwanzoni kuna fenilalanini ya D, ya kuzuia vimeng'enya vinavyomega kutoka mbele. Mwishoni threonini imepunguzwa asidi yake ikawa alkoholi, ya kuzuia vinavyomega kutoka nyuma. Matokeo yake ni nusu-uhai, muda wa nusu yake kupotea, wa kama saa moja na nusu badala ya dakika mbili.

Bei ililipwa. Octreotidi inashika SSTR2 kwa nguvu, aina ya 5 na ya 3 kwa kiasi, na imezipoteza ya 1 na ya 4. Kwa uvimbe huu hasara hiyo inavumilika. Kwako inaweza isivumilike, kwa hiyo pima kwa aina zote za familia ya kipokezi chako.

Zana nyingine unazo: kuweka methili kwenye nitrojeni ya kiunganishi cha peptidi, kubadilisha methionini kwa norleusini ili isioksidike, kutumia asidi amino ambazo hazipo kwenye maumbile. Badilisha moja baada ya nyingine. Ukibadilisha tatu kwa pamoja na nguvu ikashuka, hutajua umlaumu nani.

Hatua ya 4: Chagua metali sasa, usingoje mwisho

Wengi huacha metali kuwa jambo la mwisho. Mimi naona ni kosa, kwa sababu metali ndiyo huamua kelatori, na kelatori huibadilisha peptidi yako kuliko unavyodhani.

Kwa picha, galiamu-68 hutoa positroni na nusu-uhai wake ni dakika 68. Hutoka kwenye jenereta, kasha dogo lenye jemaniamu-68 ambayo nusu-uhai wake ni siku 271, na unaikamua kila siku kwa asidi ya haidrokloriki nyepesi. Kopa-64 hudumu saa 12.7, florini-18 dakika 110. Indiamu-111, siku 2.8, ni ya kamera za zamani za gama. Kwa tiba, lutetiamu-177 ina nusu-uhai wa siku 6.65 na hutoa miale ya beta inayosafiri milimita moja au mbili tu kwenye nyama. Itriamu-90, saa 64, hutupa beta mbali zaidi. Aktiniamu-225, siku 9.9, hutoa alfa, zenye nguvu kubwa ndani ya umbali wa seli chache.

Linganisha muda wa metali na muda wa peptidi. Peptidi ndogo hufika kwenye uvimbe na kutoka kwenye damu ndani ya saa moja au mbili, kwa hiyo galiamu inaifaa. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hesabu hii ina upande wa barabara na ndege. Baada ya saa nne na nusu galiamu-68 imebaki sehemu moja ya kumi na sita. Haiagizwi ng'ambo. Ama uwe na saiklotroni, mashine kubwa ya kutengenezea metali za mionzi, kama ilivyo kwenye Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ama uagize jenereta, ambayo inaweza kuhudumu miezi kadhaa bila saiklotroni yoyote. Lutetiamu, kwa siku zake sita na ushei, inapanda ndege bila wasiwasi.

Sasa kisa cha Rotterdam, Uholanzi. Mwaka 1989 kundi la Eric Krenning na Steven Lamberts lilionyesha uvimbe wa wagonjwa kwa octreotidi iliyotiwa tairosini nafasi ya 3 na kufungwa iodini-123. Ilishika. Lakini molekuli ile ilipenda mafuta, ikapita kwenye ini na nyongo, ikamwagika utumboni, na tumbo zima likawa na mwanga. Uvimbe wenyewe unakaa hapo hapo tumboni! Jibu halikuwa kuongeza nguvu ya kushika. Waliondoa iodini, wakaunganisha DTPA, kelatori inayopenda maji, na kutia indiamu-111. Peptidi ikahamia njia ya figo na mkojo, tumbo likatulia. Ndiyo OctreoScan, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1994.

DTPA ile ilikuwa na udhaifu wake: kwa itriamu na lutetiamu haikushika imara. Itriamu iliyoponyoka hukimbilia kwenye mifupa, na ndani ya mifupa kuna uboho. Picha inaweza kusamehe kikapu kinachovuja. Tiba haisamehe.

Hatua ya 5: Kelatori, daraja na ncha ya mwisho

DOTA ni pete ya atomi kumi na mbili yenye nitrojeni nne na mikono minne ya asidi. Mkono mmoja unautumia kuungana na peptidi, iliyobaki inaizunguka metali. Ikisha kuifunga, haiachii kirahisi, na inapokea galiamu, lutetiamu, itriamu na aktiniamu.

Tazama namba hizi za kundi la Reubi, mwaka 2000, za kiasi kinachohitajika kuondoa nusu ya mshindani kwenye SSTR2, kwa nanomola. Ndogo ndiyo nzuri. Indiamu-DTPA-octreotidi: 22. Itriamu-DOTATOC: 11. Galiamu-DOTATOC: 2.5. Itriamu-DOTATATE: 1.6. Galiamu-DOTATATE: 0.2.

DOTATOC na DOTATATE zote zina tairosini nafasi ya 3. Tofauti yao iko kwenye ncha ya nyuma: ya kwanza imebaki na alkoholi, ya pili imerudishiwa asidi. Atomi chache kwenye mkia, mbali na wale wanne wanaoshika. Na ndani ya peptidi moja, kubadilisha itriamu kwa galiamu kumeongeza nguvu mara nane. Galiamu hushikwa kwa vishikio sita na kuacha mkono mmoja wa asidi huru, itriamu na lutetiamu hudai zaidi, hivyo umbo na chaji ya kikapu hubadilika. Ndiyo maana nasema peptidi uliyoichora haipo. Iliyopo ni ile yenye metali ndani yake, na hiyo ndiyo ya kupima.

Daraja kati ya kelatori na peptidi ni mahali pa kurekebisha tabia ya jumla. Polietilini glaikoli fupi huongeza urafiki na maji. Chaji chanya kwenye daraja imesaidia kwenye familia ya bombesini. Chaji hasi nyingi zina hatari: minigastrini, inayoshika CCK2R, ina asidi za glutamiki zilizofuatana, na watafiti walipozipunguza figo zilipumua. Lakini uthabiti kwenye damu nao ukashuka. Hakuna cha bure hapa.

Hatua ya 6: Ijenge

Unaijenga juu ya resini, punje ndogo za plastiki, kwa mtindo uliompa Bruce Merrifield Tuzo ya Nobel mwaka 1984, ukianzia nyuma kwenda mbele. Kwa DOTATATE anza na threonini ya mwisho kwenye resini ya klorotritili. Kila mzunguko ni ule ule: ondoa kinga ya Fmoc kwa piperidini 20% ndani ya kiyeyushi cha DMF, osha, tia asidi amino inayofuata mara tatu au nne ya inayohitajika pamoja na HATU, kichocheo cha kuunganisha, na besi, osha tena. Jaribu punje chache kwa ninhidrini. Zikiwa za bluu, kuna amini ambazo hazijaunganishwa, rudia. Zikibaki za njano, endelea. Anayeruka kipimo hiki kuokoa dakika tano atalipa siku mbili kwenye usafishaji.

Laisini ikiwa imevaa kinga ya Boc, fenilalanini ya D ya mbele ndiyo pekee yenye amini wazi, na hapo ndipo DOTA inaunganishwa. Tumia DOTA ambayo mikono yake mitatu imefungwa kwa butili.

Kata kutoka resini kwa mchanganyiko wa asidi ya trifluoroasetiki 95%, maji 2.5% na triisopropilisilani 2.5%, kisha dondosha kwenye etha ya barafu hadi unga mweupe utue. Butili za DOTA ni kaidi. Ipe saa za kutosha, na angalia kwa mashine ya kupima masi: kila butili iliyogoma kutoka huongeza 56. Ukiona ongezeko la 53, DOTA yako imekwisha kumeza chuma kutoka mahali fulani, labda kwenye kijiko chako.

Pete unaweza kuifunga juu ya resini au kwenye maji. Kwenye maji iwe nyepesi, miligramu moja au chini kwa mililita, pH kati ya 7 na 8. Ikiwa nzito, peptidi mbili zitafungana zenyewe kwa zenyewe badala ya kila moja kujikunja. Pete ikifunga, masi hupungua kwa 2. DOTATATE kamili ina uzito wa 1435.6, na kwenye mashine, ikiwa na chaji mbili, utaiona karibu na 718. Isafishe kwa HPLC, mashine ya kutenganisha molekuli, yenye safu ya C18, na usikubali chini ya 95%.

Hatua ya 7: Itie metali, baridi kwanza

Anza na galiamu na lutetiamu za kawaida zisizo na mionzi. Zitakupa molekuli halisi ya kupima kwenye seli, na alama ya kulinganisha kwenye HPLC siku ya mionzi itakapofika.

Siku hiyo, adui ni metali za kawaida. Kiasi cha galiamu-68 ndani ya chupa, ukikihesabu kwa atomi, ni kidogo mno. Chembe ya chuma au zinki iliyotoka kwenye sindano itaijaza DOTA kabla ya galiamu kupata nafasi. Tumia maji safi ya kiwango cha juu, vijiko vya plastiki, na asidi isiyo na metali.

Galiamu: pH ya 3.5 hadi 4, nyuzi 95, kama dakika kumi. Ukiipandisha pH, galiamu hujikusanya yenyewe kuwa chembe chembe na haiingii kikapuni. Lutetiamu: pH ya 4.5 hadi 5, joto lile lile, dakika 20 hadi 30. Kwa lutetiamu weka asidi ya askobiki au ya gentisiki, kwa sababu mionzi mingi ndani ya chupa ndogo hupasua maji, na vipande hivyo huiunguza triptofani yako. Ni vitamini C ile ile ya machungwa, na ukiisahau utaona peptidi iliyokuwa safi asubuhi imechafuka jioni.

Hatua ya 8: Vipimo, kwa mpangilio huu

Anza na cha bei rahisi. Tikisa dawa kati ya oktanoli, kiyeyushi kinachofanana na mafuta, na maji ya chumvi ya pH 7.4 na ulinganishe. Ikienda kwenye oktanoli, kumbuka tumbo la Rotterdam. Kisha ilaze kwenye plazma ya binadamu kwa nyuzi 37 na uikague kwa saa kadhaa. Jihadhari, plazma ya kwenye bomba hudanganya: kuna vimeng'enya, neprilisini kwa mfano, vinavyokaa kwenye kuta za mishipa na viungo na havimo ndani ya bomba. Bombesini na minigastrini zimeonekana thabiti kwenye bomba, zikakatwa ndani ya dakika chache kwenye panya. Chukua damu ya panya dakika ya tano baada ya sindano, uone kilichobaki kizima.

Kwa kushika, tumia seli zenye kipokezi cha binadamu kilichopandikizwa, mfano HEK293. Seli za AR42J za kongosho la panya hutumiwa sana kwa SSTR2, lakini kipokezi chake ni cha panya. Baada ya kuloweka kwa nyuzi 37, osha seli kwa glaisini ya pH 2.8: kinachotoka kilikuwa juu ya ngozi, kinachobaki kimemezwa.

Kisha panya wenye uvimbe. Hesabu asilimia ya dozi kwa kila gramu ya kiungo, saa ya 1, 4, 24 na 48. Lazima uwe na kundi moja lililopewa pia peptidi baridi kwa wingi. Mwanga wa uvimbe ukishuka kwenye kundi hilo, ni kipokezi kilichoshika. Usiposhuka, unaona damu iliyotuama tu, na makala yako haina kitu.

Hatua ya 9: Figo

Peptidi ndogo huchujwa kwenye figo, kisha badala ya kwenda na mkojo, sehemu yake hunyonywa tena na seli za mirija, kwa msaada wa protini iitwayo megalini. Peptidi husagwa humo, metali na kikapu chake hubaki. Wagonjwa wa mwanzo waliotibiwa kwa itriamu-90 DOTATOC walilifundisha hili kwa gharama ya figo zao, baadhi miezi au miaka baada ya tiba.

Dawa iliyopatikana ni ya kijanja na ya kawaida. Mpe mgonjwa laisini na ajinini kwa dripu, gramu 25 za kila moja, ukianza kama nusu saa kabla ya dawa na kuendelea kwa saa nne. Megalini hushughulika nazo, na peptidi nyingi zaidi hupita kwenda mkojoni. Wengi huchukua grei 23 (grei ni kipimo cha mionzi iliyomezwa na kiungo) kuwa kikomo cha figo, namba iliyorithiwa kutoka mionzi ya nje, kwa hiyo ichukue kama uzio kuliko sheria ya maumbile. Kwa mbunifu, la kufanya liko mapema: punguza chaji zisizo na kazi, na kati ya peptidi mbili zenye uvimbe sawa, chagua ile yenye figo hafifu hata kama ya pili inashika kwa nguvu zaidi.

Hatua ya 10: Iamshe seli au ikae tu?

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba peptidi lazima iamshe kipokezi ili imezwe. Mwaka 2006 kundi la Basel na Bern pamoja na Jean Rivier wa Salk lilionyesha kinyume: peptidi inayokaa bila kuamsha, ijapokuwa haimezwi, iliwaka zaidi kwenye uvimbe, kwa sababu inapata sehemu nyingi zaidi za kushika. Kugeuza octreotidi kuwa hivyo kulianza na kitu kidogo, kubadilishana L na D kwenye nafasi mbili za mbele.

Mfano maarufu wa peptidi isiyoamsha ni JR11, na humo somo la hatua ya 5 linarudi kwa ukali. Lutetiamu-DOTA-JR11 hushika kwa 0.73 nanomola. Ukiweka galiamu kwenye DOTA ile ile, inaporomoka hadi 29. Ukibadilisha kelatori kuwa NODAGA, galiamu inarudi kwenye 1.2. Anayepima peptidi tupu asingeona lolote kati ya haya. Na kwa wagonjwa, dozi za mwanzo za tiba ziliumiza uboho kuliko ilivyotarajiwa, ikabidi zipunguzwe. Kuwaka zaidi kuna upande wake wa pili.

Hatua ya 11: Mpaka kwa mgonjwa

Picha hutangulia tiba. Mgonjwa hupigwa picha kwa galiamu, na uvimbe wake ukiwaka kuliko ini, anafaa. Usipowaka, hakuna sababu ya kumpa mionzi ambayo haitafika. Utafiti wa NETTER-1, uliochapishwa mwaka 2017, ulichukua wagonjwa 229 wa uvimbe wa utumbo wa kati. Waliopewa lutetiamu-DOTATATE, dozi nne za gigabekereli 7.4 (kipimo cha kiasi cha mionzi) kila wiki nane, asilimia 65.2 walikadiriwa kuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele baada ya miezi 20. Kwa waliopewa octreotidi ya dozi kubwa ilikuwa asilimia 10.8. Ulaya iliidhinisha dawa hiyo, Lutathera, mwaka huo huo, Marekani Januari 2018.

Lutetiamu ina jambo moja zuri la ziada. Pamoja na beta, hutoa gama chache za kiloelektronivolti 208, na kamera ya kawaida inaziona. Siku moja au nne baada ya dozi, mlaze mgonjwa chini ya kamera, pima figo, pima uvimbe, uhesabu grei zilizokwisha kuingia kila upande. Hesabu hiyo, pamoja na damu na kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, ndiyo itakayosema kama dozi ya wiki ya nane itolewe nzima, ipunguzwe, au isubiri.